Mji Mzuri, Maji Mabaya

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 31:1–17, Kutoka 35:30–35, 2 Wafalme 2:19–22, 2 Wafalme 4:1–7, 1 Samweli 17:28–40, 2 Wafalme 6:1–7, 2 Mambo ya Nyakati 26:9–16.

Fungu la Kukariri: Kutoka 35:31. Kila mshiriki alisome kwa sauti kutoka katika Biblia yake, kisha afunge kitabu na kulisema kwa maneno yake mwenyewe, akitaja mambo manne ambayo Bezaleli alijazwa.

Asubuhi ya siku ya kazi, kabla jua halijapanda, barabara za Lemara zimekwisha kujaa. Wengine wanakwenda sokoni, wengine gereji, wanafunzi wanakimbilia daladala, na upande wa kaskazini, mawingu yakikubali, Mlima Meru unaonekana wazi hadi kileleni. Katika umati huo wamo vijana wenye bahasha ya kaki mkononi. Ndani mna cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, pengine stashahada, na barua ya kuomba kazi iliyotolewa nakala mara nyingi. Baadhi yao ni washiriki. Siku ya Sabato wanaimba kwaya na kuongoza watoto wa Pathfinder, na saa ya maombi inapofika kanisa huwaombea: Bwana awafungulie vijana milango ya ajira.

Ombi hilo ni jema, na kanisa lisiliache. Lakini ndani yake mna dhana moja ambayo haisemwi: kwamba kazi ipo tayari mahali fulani, imeandaliwa na mtu mwingine, na kilichobaki ni mlango tu. Maandiko yanawajua pia watu waliopewa kazi ambayo haikuwapo. Waliona jambo linalowaumiza jirani zao, wakaulizwa wana nini mkononi, wakaanza na hicho.

Juma hili darasa litawaangalia watu hao. Na kwa kuwa somo la ubunifu likiachwa hewani huishia kuwa maneno ya kutia moyo tu, litaangaliwa pamoja na jeraha moja ambalo kila mkazi wa Arusha analijua, na ambalo wengi hulificha kwa kiganja wanapocheka.

JUMAPILI

Aliyejazwa Roho Alikuwa Fundi

*Soma Kutoka 31:1–11. Ni nani walioitwa kwa majina, na kila mmoja alipewa nini?*

Musa yuko mlimani. Amekwisha kuonyeshwa mfano wa hema, na sura za 25 hadi 30 zimejaa vipimo, mbao, vitambaa na vyombo. Lakini Musa amechunga kondoo kwa miaka mingi. Hajui kufuma wala kufua dhahabu. Ndipo Bwana anapomtaja Bezaleli wa kabila la Yuda, na baada yake Oholiabu wa kabila la Dani.

Ni vema kusimama hapa kidogo. Ni kweli kwamba Farao alikwisha kusema Roho wa Mungu yumo ndani ya Yusufu (Mwanzo 41:38), lakini hayo yalikuwa maneno ya Farao. Katika Kutoka 31 ni Mungu mwenyewe anayesema kwamba amemjaza mtu Roho wake, na ndiyo mara ya kwanza Biblia kumnukuu akisema hivyo. Mtu huyo si nabii, si kuhani, si mhubiri. Ni fundi wa madini, mawe na mbao.

Fungu la 4 linaeleza sababu ya kujazwa. Kwa Kiebrania maneno yake yametokana na shina la kufikiri na kupanga: apate kubuni. Mfano alioonyeshwa Musa haukueleza kila kitu. Soma tena habari za kinara cha taa katika Kutoka 25:31–39. Kilipaswa kufuliwa kutoka katika bonge moja la dhahabu, chenye matawi sita, vikombe na maua, lakini kimo chake hakikutajwa, wala namna ya kupiga nyundo hata tawi lichomoze bila kuungwa. Pengo hilo lilitakiwa kujazwa na akili ya fundi. Mungu anaihesabu akili hiyo kuwa kazi ya Roho.

*Linganisha na Kutoka 35:34. Bezaleli aliongezewa nini zaidi ya ustadi wa mikono yake?*

Alitiwa moyoni nia ya kufundisha. Hema lisingejengwa na watu wawili.

Makanisani, kijana akihubiri vizuri wazee husema Roho yumo ndani yake. Kijana yuleyule akikitengeneza kipaza sauti kilichogoma dakika tano kabla ya ibada kuu, huambiwa asante na kurudishwa kwenye kiti cha nyuma. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeketi safu ya mbele ameona yote mawili, naye amekwisha kujifunza ni karama ipi inayohesabiwa.

*Je, katika kanisa lako mahalia ni nani mwenye ustadi ambao haujawahi kutajwa katika ombi wala katika shukrani?*

JUMATATU

Yeriko na Meru

*Soma 2 Wafalme 2:19–22. Watu wa mji walisema jambo gani kwanza kabla ya kutaja shida yao? Elisha aliomba aletewe nini, naye akaenda wapi?*

Watu wa Yeriko walikuwa waungwana. Walianza kwa kusifia mahali: mji umekaa vizuri, nabii mwenyewe anaona. Yeriko uliitwa mji wa mitende, penye chemchemi katikati ya nchi kavu. Kisha wakasema lililo gumu: maji hayafai, na nchi inazaa mapooza.

Msomaji wa Lemara hahitaji kueleweshwa mara mbili. Arusha nayo imekaa vizuri. Kuna baridi nzuri, migomba na kahawa kwenye miteremko, udongo mweusi wenye rutuba. Rutuba hiyo imetoka katika volkano ya Meru, na katika miamba hiyohiyo imetoka floraidi. Maji ya mvua yakipenya katika mawe ya volkano huiyeyusha na kuibeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Kwa hiyo maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka mlima huo ni maangavu, hayana harufu, yanavutia macho, na yana floraidi nyingi kupita kiasi.

Kipimo cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa maeneo mengi yasingeweza kukifikia kipimo cha chini ya hapo. Baadaye nchi ilikishusha kiwango chake hadi 1.5. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, humdhuru kwanza mtoto, kwa sababu meno yake ya utu uzima yanajengwa ndani ya fizi katika miaka ya mwanzo ya maisha. Huota yakiwa na madoa ya kahawia, mengine yakimeguka. Anayekunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi huweza kuumwa viungo, mgongo kukakamaa na mifupa ya miguu kupinda.

Jambo moja lisemwe wazi darasani, kwa maana kina mama wengi waangalifu hukosea hapa bila kujua. Kuchemsha maji huua vijidudu, na ni vizuri kuchemsha. Lakini floraidi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki ilipo, na kwa kila lita iliyosalia huwa imeongezeka. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Na magadi yanayotiwa kwenye maharage yapike haraka huweza kuwa na floraidi ya kwake.

Kijana aliyekulia chini ya Meru akienda kusoma mkoa mwingine, huenda akaulizwa siku ya kwanza kama ametoka Arusha, hata kabla hajataja jina. Wapo wanaojifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Wapo waimbaji wazuri wasiotaka kusimama safu ya mbele ya kwaya. Vizazi vingi vilidhani ndivyo walivyoumbwa.

Ndiyo maana maneno ya watu wa Yeriko yana uzito. Nao wangeweza kusema ndivyo mji ulivyo. Badala yake walimwendea nabii na kulitaja tatizo kwa jina lake. Elisha akaomba chombo kipya na chumvi, akaenda hadi kwenye chemchemi penyewe, si kwenye mitungi ya watu majumbani. Uponyaji ulikuwa wa Bwana. Chumvi haiponyi chemchemi, na hakuna mtu anayepaswa kumwaga chumvi kisimani akingoja muujiza. Lakini kabla ya muujiza palikuwa na watu waliokataa kuzoea.

*Je, kuna shida gani katika mtaa wako ambayo watu wameizoea kiasi kwamba hawaiombei tena?*

JUMANNE

Una Nini Nyumbani?

*Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimwuliza mjane maswali gani mawili? Kwa nini aliagizwa kuazima vyombo kwa jirani?*

Mjane alikuwa na deni, wana wawili waliokaribia kuchukuliwa utumwani, na chupa ya mafuta. Alipoulizwa ana nini nyumbani, alianza kwa kusema hana kitu. Mafuta aliyataja mwishoni, kama mtu anayeona haya. Mungu alianzia hapo.

Kando ya Mlima Meru, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti cha serikali ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia njia za kupunguza floraidi katika maji ya kunywa. Njia yake inayojulikana sana inatumia mifupa ya ng'ombe, ile inayotupwa nyuma ya bucha. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo hata iwe mkaa mweusi, kisha husagwa chengachenga na kujazwa katika ndoo au tangi. Maji yakipita humo, floraidi hunaswa na madini ya mfupa. Tanuri lisiposimamiwa vizuri, mfupa usioiva huyapa maji harufu na watu huyakataa. Na mkaa huchoka baada ya muda, kwa hiyo lazima ubadilishwe. Ni kazi ya uangalifu. Lakini mali ghafi yake ni kile ambacho mbwa wa mtaa wanagombania.

Habari ya pili inatoka Karatu, katika kijiji cha Gongali. Huko alizaliwa Askwar Hilonga, ambaye katika utoto wake aliona watu wakiugua kwa sababu ya maji machafu. Alisoma hadi akapata shahada ya uzamivu nchini Korea Kusini, katika elimu ya chembe ndogo sana zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Angeweza kubaki ng'ambo. Alirudi kufundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, nje kidogo ya jiji la Arusha, na hapo akatengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe hizo. Mchanga huzuia uchafu na vijidudu. Chembe hunasa vitu vilivyoyeyuka kama floraidi na metali nzito. Kwa kuwa maji ya kila mahali yana ubaya wake, chujio huweza kuandaliwa kulingana na maji ya mahali husika.

Mwaka 2015 Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika, pamoja na pauni 25,000. Aliyeshinda ni Hilonga. Kampuni aliyoianzisha ina jina la kijiji chake, Gongali. Na kwa kuwa si kila familia inaweza kununua chujio, palitafutwa njia nyingine: mfanyabiashara mdogo apate chujio, awauzie jirani maji safi kwa bei ndogo. Hapo mjane na chupa yake wanakumbukwa. Muujiza ulimpa mafuta, lakini aliambiwa akauze, alipe deni, aishi kwa kilichobaki.

Msomaji asiye na shahada ya uzamivu asikate tamaa hapa. Bernard Kiwia alikuwa fundi baiskeli jijini Arusha. Kwa vyuma chakavu vya baiskeli alitengeneza vifaa kadhaa, kimojawapo kikiwa chaja ya simu inayopata umeme mtu anapokanyaga. Baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha karakana ya Twende, mahali ambapo vijana hufundishwa kubuni na kuunda vifaa vyao wenyewe. Mtu atamkumbuka Bezaleli wa Kutoka 35:34.

Somo hili halikuuliza watu hao wanaabudu wapi. Msamaria katika Luka 10 naye hakuulizwa.

*Chukua dakika tano uandike vitu vilivyomo nyumbani kwako ambavyo huvihesabu kuwa mali. Anza na vile ambavyo ungeona haya kuvitaja.*

JUMATANO

Maziwa ya Moto

*Soma 1 Samweli 17:28–40. Eliabu alimshtaki Daudi kwa makosa gani? Daudi alikuwa amefanya nini hasa? Kwa nini aliyavua mavazi ya Sauli?*

Daudi alikuwa ameuliza swali. Hilo tu. Kaka yake akasikia kiburi. Wazee wengi wa nyumba na wa kanisa wamewahi kuwa Eliabu bila kukusudia. Kijana anauliza kwa nini jambo lisifanywe hivi, nao wanasikia utovu wa adabu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huchanganya na sukari, husubiri yapoe, kisha huyaweka kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa ya kugombania. Siku moja Mpemba aliona akisubiri maziwa yapoe ataikosa, akayaweka yakiwa moto. Mwenzake aliweka yake bila kuyachemsha kabisa. Walipofungua baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado ni majimaji mazito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia. Jibu lilikuwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani. Alipokwenda kidato cha tano huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwa mzaha, na darasa likapata kichekesho: kila alipokosea hesabu, iliitwa hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam. Baada ya mhadhara wanafunzi waliruhusiwa kuuliza. Mpemba akasimama na swali lake lilelile, na wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini. Lakini hakumkaripia kijana. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi chuoni lilijaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la kimataifa la ufundishaji wa fizikia, na jambo hilo likaingia katika vitabu kwa jina la kijana wa Kitanzania. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu sababu yake, na wengine hubisha kama linatokea kila mara. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori na kufanya kazi katika fani hiyo.

Katika habari hii kuna watu wawili wa kutazamwa. Wa kwanza ni kijana aliyebeba swali kwa miaka, kutoka Lushoto hadi Iringa, bila kulitupa na bila kuwatukana waliomcheka. Wa pili ni mgeni. Alikuwa na elimu ya kutosha kulikataa swali, akachagua kulipima. Vijana wa Lemara wanawahitaji watu wa aina hiyo kuliko wanavyohitaji hotuba za siku ya vijana.

Na yale mavazi ya Sauli? Daudi hakusema ni mabaya. Alisema hajayazoea. Kuna mashine nyingi nzuri zilizoletwa Afrika Mashariki ambazo zimelala kwenye mabanda, kwa kuwa kipuri kikivunjika hakuna anayejua kukitengeneza. Kombeo lilikuwa chombo cha mchungaji, naye alikitumia alivyokitumia porini.

*Je, ni lini kijana alikuuliza swali nawe ukasikia kiburi? Unaweza kumrudia leo na kusema nini?*

ALHAMISI

Shoka la Kuazima

*Soma 2 Wafalme 6:1–7. Wazo la kujenga lilitoka kwa nani? Kwa nini aliyepoteza shoka alilia?*

Wazo lilitoka kwa wanafunzi, si kwa Elisha. Waliona mahali pamekuwa padogo, wakapanga, wakaomba ruhusa, kisha mmoja akamsihi mzee aende nao. Akakubali. Hilo nalo ni jibu kwa viongozi wanaouliza jinsi ya kuwasaidia vijana: nendeni nao mtoni.

Shoka lilizama. Lilikuwa la watu. Yeyote aliyewahi kuunguza mashine ya kuchomelea aliyoiazima anakijua kilio hicho. Ubunifu hugharimu, na jaribio la kwanza mara nyingi hushindwa. Biblia haikuificha hasara hiyo, na mtumishi wa Mungu hakumkemea aliyeipata; aliuliza limeangukia wapi.

Kuhusu fedha, kijana aangalie kwanza milango iliyo halali na ya karibu. SIDO imehudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo, asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia imekuwa mdau wa mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019. Mikopo ya mitaani yenye riba ya kila juma ni jambo jingine. Mithali 22:7 inatosha.

*Soma 2 Mambo ya Nyakati 26:9–16. Moyo wa Uzia ulibadilika wakati gani?*

Yerusalemu watu wa ustadi walibuni mitambo ya kurusha mishale na mawe, na sifa za mfalme zikaenea mbali. Msaada ulikuwa wa ajabu, inasema habari hiyo, mpaka alipopata nguvu. Anguko lake halikuletwa na mitambo. Lililetwa na kuingia mahali ambapo hakuitwa.

*Hatimaye soma Kutoka 31:12–17. Ni jambo gani linalofuata mara tu baada ya orodha ya kazi za Bezaleli?*

Sabato. Bwana amemaliza kuwataja mafundi na vyombo vyote vya hema, na neno linalofuata ni kwamba hata hivyo Sabato zake zishikwe. Hema lenyewe, kazi takatifu kuliko zote, lilipaswa kusimama machweo ya Ijumaa. Kwa fundi kijana hili si jambo la nadharia. Mteja mwenye fedha nzuri anataka geti lake Jumamosi jioni. Shindano la ubunifu linapanga fainali siku ya Sabato. Wenzake katika kikundi si Waadventista na mkopo ni wa wote. Kukataa kunaweza kumpotezea mteja, na mara nyingine mteja harudi. Kanisa linalomwambia kijana ajiajiri lijue pia kwamba limemwambia ayabebe maamuzi haya peke yake, bila mwajiri wa kumwombea ruhusa. Likae naye siku ya Alhamisi, kabla Ijumaa haijafika.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Soma sura inayohusu mafunzo ya kazi za mikono katika kitabu cha Ellen G. White juu ya elimu, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1903. Mwaka huohuo wamisionari wa kwanza Waadventista, wakitoka Ujerumani, walifika katika milima ya Upare, na kazi ikaanzia hapo kuenea katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Soma pia 1 Samweli 13:19–22, habari za taifa lisilokuwa na mhunzi hata mmoja, lililolazimika kushuka kwa adui zake kunoa majembe.

Maswali ya Kujadili

1. Bezaleli alijazwa Roho kwa ajili ya kazi ya hema. Je, ni halali kutumia habari yake kwa fundi anayetengeneza chujio la maji au mashine ya kukoboa mahindi? Toeni sababu kutoka katika Maandiko, na msikubaliane haraka.

2. Kijana anasema Mungu amempa wazo, naye anataka kanisa limchangie. Wazee wana mashaka na wazo lenyewe. Mfano wa Dk. Osborne unawasaidiaje kumjibu bila kumvunja moyo na bila kumdanganya?

3. Someni tena 2 Wafalme 2:19. Katika vikundi vya watu watatu au wanne, kamilisheni sentensi hiyo kwa ajili ya Lemara: mahali ni pazuri, lakini… Kila kikundi kitaje jambo moja tu. Kisha mweleze ni nani katika darasa hili mwenye ustadi unaogusa jambo hilo.

4. Familia inayoishi karibu na kanisa inachemsha maji kwa uaminifu, na mtoto wao wa miaka mitatu anayanywa kila siku. Hawajui lolote kuhusu floraidi. Kipimo cha maji kinaweza kufanywa katika maabara za maji zilizopo Arusha. Nani atakwenda kwao juma hili, nani atapeleka chupa ya maji maabara, na gharama ya kipimo italipwa kutoka wapi?